Nukta Hizi Haziuzwi

Zimeni kwanza hiyo televisheni, wanangu, maana sina pumzi ya kushindana na mtangazaji, kisha sogezeni viti karibu na kitanda, na wewe kifungua mimba ilaze simu yako kifudifudi, kwa sababu anayekupigia tangu asubuhi namjua, ni yule meneja wa kampuni, naye leo atangoja kama sisi tulivyomngoja yeye miaka yote. Mama yenu anakwenda. Msinitazame hivyo, daktari alianza kuzungukazunguka kama anayetafuta choo kwenye nyumba ya watu, nikamwambia sema tu, baba, nimesoma vya kutosha kuelewa neno fupi. Basi nitasema, nanyi mtanyamaza, na nikichoka mtangoja.

Nyumba ni yenu watatu. Gawaneni vyumba mpendavyo, ila asiuze mtu upande wake peke yake mkajikuta mnachangia sebule na mgeni. Cherehani ni ya kitinda mimba, ingawa najua hatashona hata kifungo. Sina shamba, sina dhahabu, na vitabu vyangu mtavigombania wiki moja kisha mtavipandisha darini. Hayo ni madogo. Kubwa ni ile programu niliyoiandika, ambayo kampuni inaitolea bei, na ambayo imewafanya mnong'one jikoni mkidhani dawa zimenilaza. Hazikunilaza. Jikoni hakuna mlango.

Nilimsikia kifungua mimba akisema, kwa ile sauti yake ya kihasibu, "Kitu cha bure hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha anayekiwahi." Na wewe wa katikati, Kati wangu, ukamjibu maneno ambayo sitayarudia mbele ya dripu. Kitinda mimba akawakubalia wote wawili, kama kawaida yake, kila mmoja kwa zamu.

Sasa nisikilizeni mimi. Ile programu inachukua maandishi ya kawaida na kuyageuza kuwa nukta nundu, na mashine inazitoboa kwenye karatasi ngumu ili asiyeona asome kwa kidole. Kazi yake ni hiyo tu. Yeyote anaichukua, anaifungua tumbo aone inavyofanya kazi, akikuta kosa analirekebisha, na marekebisho yake yanakuwa ya wote. Hamjaniona nikiipamba kwa maneno makubwa, maana waliozoea kuyasema kwenye mikutano, na fulana zao zilizoandikwa "huria" kifuani, ukiwaomba wakusaidie kurekebisha jedwali moja la hesabu wanakwenda kunywa chai hawarudi.

Niliiandika kwa hasira, na hasira yenyewe mliiona. Mnakumbuka karakana yetu ya vitabu vya wanafunzi wasioona, chumba kile kirefu chenye harufu ya karatasi na mafuta ya mashine. Tulikuwa tumenunua mashine ya kampuni, tukaibeba wenyewe ngazi zote mabegani, tukaipa mahali pazuri karibu na dirisha, kumbe tulikuwa tumeleta ndani mtu mwenye bwana wake. Kila asubuhi kabla haijatoboa hata nukta moja iliuliza kompyuta ya kampuni, huko iliko, kama inaruhusiwa kufanya kazi. Tuliona ni adabu. Wiki tuliyopaswa kutoboa mitihani ya shule ikauliza, isijibiwe. Nikapiga simu, kijana akaniambia kwa upole, "Mama, modeli yenu imestaafu." Imestaafu, kana kwamba ilikuwa karani wa posta. Kati akaifungua chuma kwa chuma, akaipangusa, akaitia mafuta, akasema, "Mama, huyu hana ugonjwa wowote, amekatazwa tu." Na vitabu vyetu vyote, tulivyovipiga herufi kwa herufi kwa vidole vyetu, vilikuwa katika aina ya faili ambayo programu nyingine yoyote duniani ilikuwa haiwezi kuisoma. Jasho letu, sanduku lao, ufunguo mfukoni mwao. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, wanangu, na siku hiyo tulisimama uchi mbele ya shule nzima.

Tukashika vibao na misumari ya kutobolea. Bi Nukta, msomaji wetu wa prufu, mkaguzi wa makosa, ambaye haoni na anatambua watu kwa kikohozi, alitupanga mezani. Nawe kifungua mimba ulikuja kusaidia, umetoka chuo juzi, kila ukifundishwa unasema "najua, najua," ukatoboa rundo zima kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu aandikaye barua, ukasahau kwamba kwa mkono tunatoboa kwa mgongo wa karatasi, kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta huota upande wa pili. Bi Nukta akapitisha kidole, akasema, "Mtoto wa mwenzangu, mwandiko wako mzuri sana, shida ni moja tu, msomaji itabidi akae ndani ya karatasi." Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukalia kweli, maana karatasi hazikutosha, na watoto walikaa ukumbini mikono mitupu juu ya meza huku wenzao wanaoona wakikusanya kalamu na kutoka. Yule kijana wa kampuni sidhani kama ni mtu mbaya. Alikuwa upande wake wa karatasi. Hakuna aliyewahi kumgeuza aone nukta zinaotea wapi.

Basi nikaandika yangu, nikaiachia, na vitabu nikavihifadhi katika muundo ambao maelezo yake yamechapishwa wazi, kiasi kwamba kompyuta yangu hata ikiliwa na mchwa mtu mwingine atavifungua. Wakaja watu. Mmoja yuko nchi ya mbali, namjua kwa lakabu tu, Kunguru, anaandika kama anayetozwa kwa kila neno, na tumegombana miaka juu ya mahali pa kukata mstari. Sijawahi kumwona uso, lakini amerekebisha makosa mengi kuliko watoto wangu watatu mkijumlishwa. Wamekuja pia wengine, wakachukua, wakajengea biashara juu yake, wasirudishe hata ahsante. Wengine walichukua bure wakanitukana kwa bei kamili.

Na ofisi zetu, ah. Nimekaa kwenye vikao vyao nikitazama slaidi mpaka macho yakanitoka maji. Wanasimama kusema wanaunga mkono programu huria na viwango vya wazi, wanapigiwa makofi, halafu wanatoa zabuni ya vitabu na kuandika kwamba faili lolote lisilokuwa la kampuni ile halitapokelewa. Nilimuuliza ofisa mmoja kwa nini. Akaniinamia akanong'ona, "Mama, cha bure hakina risiti." Siku ya mazishi yangu huyo asipewe kipaza sauti.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Kampuni haitaki programu yenyewe, kifungua mimba, usijidanganye, maana programu wanaweza kuichukua leo kama mtu mwingine yeyote. Wanataka funguo za ghala la mtandaoni inamokaa. Kila karakana huchota toleo jipya kutoka ghala lile, na mashine zao zinaliamini kama mtoto anavyoamini ziwa la mama. Mwenye funguo ndiye anayeamua kesho kiwekwe nini. Wataanza kwa utamu, shule zitapewa bure, kwa sherehe, na picha gazetini. Bure ghali. Kisha toleo litakalofuata halitafunguka tumbo, kisha faili zitabadilika kidogo, kisha asubuhi moja mahali fulani mashine itauliza na isijibiwe, na mtoto wa mtu atakaa mikono mitupu juu ya meza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa si hata ndugu.

Sikulaumu, mwanangu. Wewe ndiye unayelipia dawa na dripu hii, una watoto wa kusomesha, na mtu amekuja na kalamu na tabasamu. Ni haki yako kuchoka. Kati, usimcheke, umejaliwa kuwa na haki, hukujaliwa adabu ya kuwa nayo. Na wewe kitinda mimba, leo chagua upande mmoja, hata ukiwa si wangu.

Haki ya utunzi nimeshaikabidhi kwa chama cha wasomaji wasioona. Yule mliyemdhania daktari asubuhi alikuwa wakili. Mngejiuliza, daktari gani anakaa kwa mgonjwa muda wote ule. Lakini funguo za ghala zilibaki kwako, kifungua mimba, kwa sababu nilipoanza kuugua nilikupa wewe, mkubwa, nikijua unatunza vitu. Hakuna karatasi inayoweza kukulazimisha uziachie kabla hujasaini kwao. Mimi nina sauti tu, nayo mnaisikia inavyoisha.

Kwa hiyo fanya sasa, nikiwa naona. Fungua kompyuta. Hapo, juu ya magoti yangu, si nzito. Mwandike Bi Nukta kuwa mwenye funguo. Mwandike Kunguru. Iandike karakana, kwa jina la Kati, na usinune. Watatu, ili asiwepo mmoja wa kununuliwa peke yake. Sasa jiondoe wewe.

Ndiyo, jiondoe.

Sitakupa sababu nyingine. Zimekwisha, na pumzi nayo... Kati, mwache. Usimguse mkono. Mwache mwenyewe.

Inasemaje? Inauliza kama una uhakika. Basi ina utu kuliko ile mashine ya kampuni, hii inauliza mtu. Mjibu, baba. Jibu lolote, ningekuzaa tena vilevile.

Umebonyeza? Kitinda mimba, soma wewe, siwaamini hawa wawili. Soma tena.

Haya.

Mungu awape kazi isiyoomba kibali kwa mtu asiyewajua. Awape majirani wanaorudisha walichoazima. Mlichosoma kikae wazi kwa watoto wenu na kwa watoto wa... wa wengine. Nizikeni mapema. Hotuba fupi.

Iondoeni hii magotini. Kifungua mimba, usitoke. Sasa huna cha kuuza, mwanangu, nami sina cha kukukataza. Kaa hapa. Nishike tu... tuwe mama na mtoto, kidogo.