Raphaël Tshimanga na Vioo vya Kanisa Vilivyogeuzwa

Leo, Jumamosi tarehe 16 Machi 2019, wengine wamekuja makaburini kulia na wengine wamekuja kuonekana. Mimi ni Odile, dada mdogo wa marehemu. Ninawasomea wote.

Raphaël Tshimanga alizaliwa Kolwezi tarehe 9 Juni 1974, mtoto wa kwanza wa fundi wa mgodini aliyetoka Kasai. Hakujua mji mwingine. Machi 1993, mgodi umeporomoka na watu wanatafuta wa kumlaumu, majirani walitutoa nyumbani kwa marungu kwa kuwa sisi ni Wakasai. Raphaël alikuwa amebakiza miezi mitatu tu afanye mtihani wa serikali. Tulipakiwa kwenye behewa la mizigo. Mama yetu akaugua njiani, tukamzika Kamina. Baadhi ya waliotufukuza wamevaa suti nzuri leo. Nawaona.

Behewa lilitushusha Mwene-Ditu, Kasai, na huko alijifunza kukata vioo. Mwaka 2004 alirudi hapa Kolwezi, nikamwambia amerukwa na akili. Mwaka 2007 alimwoa Agnès, binti wa Lubudi. Alikwenda kwao kubadilisha kioo kimoja, akalipima dirisha mara nne kwa sababu Agnès alikuwa anapika uani. Mama mkwe akamuuliza, "Ile dirisha iko inakuwa mukubwa kila saa?"

Mwaka 2016 kanisa letu liliagiza kwake vioo vinavyojisafisha. Aliwaeleza wanakamati vizuri kabisa. Upande mmoja wa kioo una ngozi nyembamba isiyoonekana. Jua huvunja masizi na kinyesi cha ndege juu yake, na mvua, badala ya kusimama matone, hutandaa kama shuka na kuondoka na uchafu. Kwa hiyo ngozi hiyo ikae nje, panapofika jua na mvua. Ndani ya nyumba au chini ya baraza haina kazi. Vumbi la malori ya mgodi jua haliliwezi, linataka maji, na kiangazi mtu alimwagie mwenyewe. Asisugue kwa mchanga.

Kila kioo alikibandika karatasi upande huo wa ngozi: INJE. Lakini mzee Ngoy, tata Ngoy kama tunavyomwita, mwenyekiti wa kamati, hakutaka Mkasai apande ukuta wa kanisa. Alileta mafundi wake, wakabandua karatasi, wakaweka wanavyojua. Vumbi lilipoganda, Ngoy alisimama mbele ya waumini: "Ile mavitre haijisafishe hata kidogo! Ule muntu ni muongo." Kaka yangu akaondolewa kwenye kwaya. Nilimsihi ajitetee, akasema, "Acha, Odile. Siku batamwanga mayi, batayua."

Hawakumwaga maji, hawakujua. Figo zilianza kumsumbua mwaka jana, na Alhamisi tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa bado anaitwa mwongo. Hilo linanichoma kuliko kifo chenyewe.

Jana mchana nilikwenda kanisani na ndoo ya maji. Kwa nje maji yalisimama matone. Kwa ndani yalitandaa. Vioo vyote kumi na vinne vimegeuzwa, na Padri alikuwepo akaona.

Ameacha mjane, Agnès, watoto wawili, Jeancy na Simone, baba yetu, mzee Tshimanga, na mimi. Koleo ziko mikononi mwa shemeji zake. Hazitagusa udongo mpaka tata Ngoy asimame hapa, mbele ya watu hawa hawa, aseme nani alikuwa mwongo. Tuna siku nzima. Akishasema, kaka yangu apumzike kwa amani.