Siku Presha Iliposhuka Chumba cha Kufulia

Mimi ninayeandika ni mtunza boila, lile tangi la kuchemshia mvuke wa kufulia, na nina miaka sabini na tatu. Nimezika boila mbili, nimewaaga waganga wakuu sita, na bomba la moshi lilianguka lenyewe mimi nikabaki nimesimama. Nilistaafishwa, nikarudishwa, kwa sababu boila ya tatu iligoma kumsikiliza mtu mwingine. Kwa hiyo ofisi ilipotafuta wa kumwandikia dada yetu maneno ya kumuaga, haikuwa na pengine pa kwenda.

Dada huyo ni mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali yetu. Ametumikia miaka thelathini na moja, na Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, anakabidhi funguo. Ninyi wageni mnamjua kama mama mpole. Sisi wa zamani tulimwita Roho Juu.

Hatukumwonea. Chai aliinywa akitembea. Nyumbani alikuwa na watoto wanne, mama mkwe wa kitandani, na mume dereva wa lori ambaye akirudi naye anataka kufuliwa. Kazini wodi zote zilimpigia simu kwa pamoja. Ukimwamkia, marahaba yake unaipokea mlangoni, mwenyewe ameshafika wodi ya wazazi. Daktari alipomwambia ana presha, alijibu kwamba hiyo anayo tangu aajiriwe, ampe dawa upesi, mashuka yanangoja.

Sasa, presha ya watu mimi siijui. Ya boila naijua kuliko mtu yeyote katika hospitali hii. Asubuhi moja gasketi, kile kizibo cha maungio ya bomba, ilivuja, nikafunga mvuke ghafla. Sheria yetu ni kwamba mvuke ukifungwa, mashine zote za juu huzimwa. Chumba kilichokuwa kikinguruma tangu alfajiri kikanyamaza. Nilipomaliza gasketi nikapanda ngazi na matusi yangu tayari, maana nilijua na yake yananingoja. Nikamkuta ameketi juu ya marobota ya mashuka safi, mikono mapajani, machozi yanamtoka na uso umetulia.

Nikamwita muuguzi. Akampima, akarudia, akasema presha imeshuka, iko kawaida. Nikamwambia na ya boila imeshuka, ila hiyo nimeishusha mimi.

"Kaka," dada akaniambia, "leo nimesikia pumzi yangu. Sikujua kama ninayo."

"Ungekuwa huna ungekuwa mochwari, si hapa."

Hakucheka wala hakununa. Akasema miaka yote alikuwa akisali huku anahesabu mashuka kichwani. Mungu anaitwa, mwenye kuita hayupo. "Leo nimesali na mimi nikiwepo."

Vidonge hakuacha na dini hakubadili, msisikilize ya watu. Alikuja na ombi tu. Kila siku boila lazima ipulizwe, yaani nafunga mvuke na kutoa tope lililotuama chini. Nilikuwa nikipuliza wakati wa chakula cha mchana. Dada akaomba nipulize katikati ya asubuhi, kazi ikiwa imechacha, ili chumba kinyamaze pale watu wanapohitaji kimya. Nikakataa. Boila si kengele ya ibada.

Roho Juu ninayemjua angeshuka na ufagio. Huyu akasema, "Haya, kaka," akarudi kazini, na hilo ndilo lililonikera. Akaanza peke yake ndani ya kelele: anakunja shuka, anaweka viganja juu yake, anapumua, midomo inatikisika kidogo, anaendelea. Fundi cherehani wetu, mama mwenye ulimi, akatangaza kwamba bosi kapandisha mashetani ya sabuni. Habari zikamfikia Metroni, mkuu wa wauguzi wote, ambaye enzi hizo alitembea na funguo mkononi kama anakwenda kumfungia mtu. Akampa dada wiki moja: shuka la chumba cha upasuaji likichelewa hata mara moja, anavuliwa ukuu, anakwenda kuchambua nguo chafu. Na dada aliuhitaji ukuu ule, maana ndio uliomtunza mama mkwe.

Metroni angeishia hapo, pengine leo ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini akashuka mpaka kwangu, akaninyooshea ufunguo. "Na wewe mzee, usithubutu kumfuata huyo mama na kimya chake."

Mimi huniambii nisithubutu. Kesho yake, kazi ikiwa imechacha, nikafunga mvuke.

Nikapanda kuona. Wakunjaji wamesimama na mashuka mikononi kama waliosahau wanayapeleka wapi. Fundi cherehani kafunga mdomo, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Dada yuko juu ya marobota yake. Metroni akaingia mbio kutaka kujua nani kazima. Mle ndani hapakuwa na wa kugombana naye. Funguo zikalia mara moja, akazifumba kiganjani zisilie tena. Akasimama hivyo mpaka niliposhuka kufungua mvuke, akaondoka.

Mashuka ya upasuaji hayakuchelewa siku ile wala wiki ile. Wala hayakufika mapema, nisitie chumvi. Kupuliza kukabaki saa ileile ya asubuhi. Habari ya nguo chafu haikutajwa tena, na Metroni tangu hapo hakukosa sababu ya kupita kwetu katikati ya asubuhi, mara kuulizia foronya, mara kukagua dari.

Kazi hazikumpungukia dada hata moja. Wodi ziliongezeka. Alipigania madirisha ya kutolea joto tukayapata, akawafundisha wakunjaji wote waliopo, akamuuguza mama mkwe mpaka mwisho. Simu ikilia aliiacha kidogo, akapumua, ndipo akapokea.

Juzi mkuu mpya aliniuliza kama nitarudisha kupuliza mchana. Dada akasikia. Akashuka, akasimama mlangoni kwangu akipangusa mikono iliyokuwa mikavu.

"Kaka, na nikishaondoka?"

"Boila imeshazoea, dada. Ikishazoea kitu haibadilishwi." Mkuu mpya nimempa jibu hilohilo, na nimemwambia akitaka jingine ashuke aniambie nisithubutu.

Mimi binafsi sifumbi macho. Naangalia kioo cha kuonyesha maji ya boila, tope likitoka na maji yakitulia. Wanaosema siku hizi nakawia kufungua mvuke wajue kwamba vali ni nzito.

Dada, tunakushukuru. Nenda ukakae na mumeo, nguo zake afue mwenyewe. Siku zako ziwe na nafasi katikati. Jina la Roho Juu tunabaki nalo sisi, usilipeleke nyumbani.

Anayebisha haya amuulize Metroni, aliyestaafu na bado hupita. Amuulize fundi cherehani, au yule muuguzi aliyepima mara mbili. Ila asije kuuliza boila ikiwa inapulizwa. Hakuna atakayemjibu.