Siku Magugu Yalipotufunga Ziwani

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu! Azipate kutoka kwenu mliowahi viti, azipate na kutoka kwenu mliochelewa mkasimama dirishani! Amina!

Mimi naitwa Mama Sabina. Wengi mnanijua kwa samaki, maana nimewauzia sato pale sokoni Buhongwa miaka mingi, na wengine mmenisumbua sana kuhusu bei. Leo sikuja kuuza. Nimekuja kumshukuru Mungu aliyenitoa ziwani nikiwa mzima, akanitoa na mahali pengine pabaya kuliko maji. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mchungaji, nisamehe tu mapema, hazitatosha.

Nilizaliwa Ukerewe. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo kafi alinishikisha mimi. Nikiwa darasa la tatu nilishajua kukaa nyuma ya mtumbwi na kuupeleka ninakotaka, hata ziwa likiwa na mawimbi. Nilipoolewa na Lukas nikahamia huku Mwanza, kafi nikaliacha. Lukas alikuwa mvuvi wa ndoano. Yeye akivua, mimi nauza. Tuliishi vizuri, sitasema uongo. Alikuwa na tabia ya kuimba akirudi kutoka ziwani, unamsikia kabla hujamwona.

Asubuhi moja Lukas aliinuka kitandani, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, na ulimi ukawa mzito. Mwanamume aliyekuwa akiburuta mtumbwi peke yake hadi mchangani, sasa namlisha uji kwa kijiko na unamwagikia kidevuni.

Mtumbwi wake ukalala kifudifudi pale mwaloni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, miezi mitatu, jua linaupasua. Kila nikipita nilikuwa naona aibu, kama vile nyumbani nina wagonjwa wawili na mmoja nimemtupa. Siku moja nikamwambia, "Baba Sabina, naingia ziwani mimi." Aliniangalia muda mrefu. Nikafikiri amekasirika. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto, akanionyesha juu ya dari, alikokuwa amelihifadhi kafi lake.

Ndugu zangu, nilipokaa tena nyuma ya mtumbwi, mikono ilikumbuka yenyewe! Sato anapenda kivuli cha magugu maji. Unautuliza mtumbwi pembeni kabisa mwa magugu, unashusha ndoano yenye mnyoo, unanyamaza. Siku ile ya kwanza nilipata sato sita wakubwa. Nililia humo mtumbwini kwa furaha.

Lakini mwalo wetu ulikuwa na mwenyekiti, Bwana Mashauri. Ni mtu mzima, mrefu, mvuvi tangu ujana wake, na neno lake pale lilikuwa la mwisho. Aliniona narudi na samaki, akaendelea na nyavu zake. Wiki iliyofuata wavuvi wenzake walikosa samaki, akasimama mbele ya watu wote akasema, "Tangu lini mwanamke akapanda mtumbwi hapa? Sato wanahama kwa sababu yake. Mama Sabina, rudi sokoni kwako."

Nikamjibu, "Mwenyekiti, mume wangu anakula nini?"

Akasema, "Hilo si suala la mwalo."

Mimi nikaendelea kuvua. Asubuhi ya siku ya tatu nikaukuta mtumbwi umetobolewa. Si ufa wa jua, ni shoka! Ubao wa chini umepigwa mara mbili, vipande vimetawanyika mchangani. Watu walikuwa wakipanga nyavu zao karibu pale, wote wakaangalia chini. Nikaziba kwa pamba na lami, nikapigilia kipande cha bati juu yake. Ukawa unavuja kidogo, lakini unakwenda.

Ubao niliuziba. Moyo sikuuziba. Nilimchukia yule mzee, ndugu zangu, nikamchukia hata kivuli chake. Akipita upande huu wa njia, mimi navuka. Akinisalimia mbele za watu, nakohoa. Na wakati huo huo nipo hapa kwenye kwaya, sauti ya pili, nimevaa joho, nimefumba macho! Mlikuwa mnanipigia makofi.

Sasa nawaambia jambo ambalo hata Lukas nimemwambia juzi tu. Nilipanda gari nikaenda njia ya Magu, kwa mganga. Mimi, niliyeokoka! Akanipa unga mweusi umefungwa kwenye kitambaa. Akaniambia niumwage mahali Mashauri atakapokanyaga, na miguu yake itakauka. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikatembea nao siku nyingi nikitafuta nafasi. Hata kitandani nilikuwa nao, nikilala pembeni mwa mume wangu mgonjwa niliyekuwa namwombea uponyaji. Jamani, shetani hana haya!

Basi siku yenyewe ikafika. Nilitoka alfajiri, simu nimeiacha nyumbani isije ikalowa. Magugu maji yalikuwa yamejaa kwenye ghuba, kama shamba la kijani. Nikapenya kwenye upenyo mmoja, nikashusha ndoano. Mbele yangu, kama kutoka hapa hadi mlango ule wa nyuma, kulikuwa na mtumbwi mwingine. Nikatazama vizuri. Ni Mashauri, peke yake, mwenzake alikuwa ameenda msibani. Nikampa mgongo.

Jua likapanda, na upepo wa kutoka nchi kavu ukaongezeka. Sikujali, maana upepo huo ni wa kila siku. Nilipoinua uso, niliona nyumba za ufukweni zimekuwa ndogo. Nikafikiri macho yangu yana kasoro. Kumbe lile shamba zima lilikuwa limekatika kutoka ufukweni, linaelea kwenda ziwani, na sisi tuko katikati yake! Upenyo niliopitia ulikuwa umejifunga. Nikachomeka kafi, likanasa kwenye mizizi. Nikavuta, mtumbwi haukusogea hata unyayo.

Asiyejua magugu maji atadhani ni majani tu. Huwezi kupiga kafi humo, huwezi kuogelea humo, wala huwezi kutembea juu yake. Mtu akitumbukia, mizizi inamfunga miguu. Na tunazidi kwenda. Milio ya pikipiki kutoka barabarani ikafifia, ikapotea. Zikabaki kelele za ndege tu, na majani yakisuguana na mbao.

Hapo ndipo nikasikia, "Mama Sabina!"

Sikuitika.

"Mama Sabina! Mtumbwi wangu unaingiza maji!"

Nikageuza kichwa. Magugu yalikuwa yameubana mtumbwi wake hadi ubao wa ubavuni umeachia. Mzee alikuwa anachota maji kwa kopo na kuyamwaga nje, anachota, anamwaga. Sauti yake ya kila siku ya kuamrisha watu haikuwepo. Nilimwona ni mtu mzima tu aliyechoka. Na ndugu zangu, nawaambia kweli mbele za Mungu, nilifurahi. Nilishika pindo la kanga nikajisemea moyoni, kumbe hata unga sikuuhitaji.

Akaniita mara ya tatu, na ya nne. Kisha akanyamaza. Nikasikia kopo tu. Baadaye hata kopo likawa linasikika mara moja moja.

Ule ukimya ulinitisha kuliko upepo. Nikajaribu kusali. Nikasema, "Bwana, nitoe hapa, mume wangu ananitegemea." Sala ikagoma. Maneno yanatoka mdomoni, yanaanguka humo humo mtumbwini. Na ndani yangu nikasikia neno moja, halikuwa na kelele, halikuwa na ngurumo: Mwitikie.

Nikasema, "Bwana, si huyu." Nikalisikia tena: Mwitikie.

Nikapaza sauti, "Abee, Mwenyekiti!"

Mkiniuliza ilikuwaje, sijui. Lakini neno hilo dogo tu lilipotoka, kifua kikafunguka, nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Kutoka kule nikasikia, "Mama, nilidhani umeshakufa!"

"Sijafa! Endelea kuchota, nakuja!"

Nilikuwa na kisu cha kukatia chambo. Nikaenda mbele ya mtumbwi, nikalala kifudifudi, nikaanza kukata mizizi. Nakata, nashika magugu kwa mikono miwili, navuta mtumbwi urefu wa mkono mmoja, nakata tena. Nyoka alipita juu ya majani karibu na kiwiko changu, mweusi, akaenda zake. Mungu ni mwema! Vidole vilichanika. Jua likafika utosini. Umbali ule mngeutembea kwa pumzi mbili, mimi ulinila saa kadhaa.

Nilipofika, maji kwenye mtumbwi wake yalikuwa magotini. Akataka kusimama ili aruke. Nikampigia kelele, "Usisimame! Utatuzamisha wote! Lala, ujivute kwa tumbo!" Na yule aliyekuwa akiamrisha mwalo mzima akalala kwa tumbo, akajivuta kama nilivyomwambia. Mtumbwi ukainama, maji yakaingia, nikaegemea upande wa pili kwa uzito wangu wote. Ukasimama. Alipokuwa salama tukageuka kuangalia, mtumbwi wake ukazama taratibu, ukabaki mdomo tu.

Tulikaa. Nikampa maji ya kunywa. Akanywa kidogo, akanirudishia chupa. Kisha akaliona lile bati miguuni pake. Akaligusa.

"Mama Sabina," akasema, "shoka lilikuwa langu."

"Najua."

"Ulikuwa unajua, na umekuja?"

Nikafungua pindo la kanga. Nikamwonyesha kitambaa. "Mwenyekiti, na mimi nina langu. Hii ni dawa niliyokutafutia. Nilitaka miguu yako ikauke."

Macho yakamtoka. Akavuta miguu yake nyuma. "Umeshaimwaga?"

"Bado."

Msicheke! Sisi wenyewe tulicheka baadaye, lakini wakati ule hapakuwa na cha kucheka. Nikakitupa kile kitambaa kwenye magugu, kikazama. Nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Nisamehe wewe kwanza." Yeye ni Mkatoliki, mimi ni mlokole, tukashikana mikono humo tukaomba, kila mtu kwa namna yake, wote kwa pamoja. Na safari hii sala haikuanguka. Nilikuwa nimefungwa na magugu pande zote, nimechoka, sijui nitalala wapi, na nilikuwa huru! Nilijisikia mwepesi kama siku niliyobatizwa!

Mchana ule upepo ukageuka. Ninyi wa ziwani mtasema upepo wa ziwani huja kila mchana. Sawa, huja. Lakini mimi najua nani anautuma. Mawimbi yakaanza kupiga lile shamba, likapasuka vipande vipande, maji meusi yakaonekana katikati. Mashauri akachukua kafi la akiba, akakaa mbele. Akaniuliza, "Wapi, Mama?" Nikamwambia, "Kushoto." Akapiga kushoto. "Sasa nyoosha." Akanyoosha. Tukaenda hivyo hadi ufukweni, jua bado lipo juu.

Mwalo ulikuwa umejaa watu. Kina mama walikuwa wameshaanza kulia. Lukas wangu alikuwa amebebwa pamoja na kiti chake, amewekwa pale maji yanapoishia, mkono wa kushoto ameukunja kifuani. Mashauri alishuka majini, hakungoja hata kukanyaga mchanga. Akasema kwa sauti yake ile ile ya mikutano, "Sikilizeni wote! Mtumbwi wa huyu mama niliutoboa mimi. Na ni ndani ya mtumbwi huo nimerudi hai. Atakayemzuia kuvua, aanze na mimi." Kisha akaenda kwa Lukas, akapiga magoti.

Ndugu zangu, sitawadanganya ili ushuhuda upendeze. Lukas hajapona. Mkono wa kulia bado umelala, na maneno anayotamka ni machache. Bado naomba, na nitaomba hadi mwisho. Lakini mezani kwetu samaki hawakosekani. Mashauri aliweka ubao mpya kwenye mtumbwi wetu kwa mikono yake mwenyewe, na sasa kuna akina mama wawili pale mwaloni ninaowafundisha kushika kafi. Sato hawajahama!

Nimemaliza. Kama yupo mtu hapa ambaye akifika katikati ya Sala ya Bwana, pale pa kusamehe, anapunguza sauti, kwa sababu ya jina la mtu fulani, asirudi nalo nyumbani leo. Mtegemee Mungu, mpe hilo jina. Aje hapa mbele, mimi nitasimama naye, nitamshika mkono. Wala sitamwuliza ni nani.

Karibuni. Msiogope. Njooni.