Mume wa Fundi Kwenye Tangazo la Magodoro

Wananchi, jana ndani ya basi ilifichuka siri nzito. Mume wa fundi cherehani mmoja hulala mdomo wazi.

"Kaka, picha ya mume wangu akiwa usingizini niliipandisha kwenye programu ya kutunzia picha," fundi alimlalamikia jirani yake wa kiti, karani wa mahakama. "Sasa iko kwenye tangazo la magodoro! Mume wangu kahamia kwa dada yake kwa aibu."

"Picha bado ni yako, mama," karani akasema kwa upole wa watu wasio na msaada wa kutoa. "Ila uliwaruhusu wenye programu kuitumia watakavyo. Ulibonyeza 'Nakubali'." Fundi akafoka, "Nilibonyeza ili ule ukurasa uniondokee! Nani anasoma masharti ya kurasa arobaini?" Karani akakohoa. Inaelekea hata yeye hasomi.

Ghafla fundi akageuka nyuma nilikokaa. "Na wewe mwanafunzi, unaandika nini?" Nikakiri kwamba naandikia gazeti la ukutani la bweni letu. "Basi na mimi nina masharti," akasema, akaanza kuyataja, huku basi likisimama kituoni kwangu.

"Nakubali, mama!" nikasema, nikashuka mbio.

Sharti la kwanza lilikuwa nisimtaje mume wake. Mengine, naungama, sikuyasikiliza.