Kona Kumi na Saba za Fundi Spoku

Benchi lenyewe lina miguu mitatu yake na mmoja wa kuazima, ringi kuukuu ya baiskeli iliyofukiwa nusu ardhini. Liko mbele ya karakana ya Fundi Spoku, pale mji unapoishia na barabara inapoanza kupanda. Kila Jumamosi asubuhi waendesha baiskeli husimama hapo kujaza upepo na kuuliza njia, maana ziko tatu za kufika kwenye shingo ya mlima, pale barabara inapopenya kati ya vilele viwili na kuteremkia upande wa pili: njia ya mfereji, njia ya machimbo ya mawe, na ile ya kona. Wakishaondoka na nguo zao za kubana, benchi hurudi kwenye kazi yake ya siku zote, yaani kubishana. Jumamosi hiyo walikuwa wanne. Spoku mwenyewe alikuwa anaziba pancha. Gia Nne, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa kwenye kikombe cha tatu cha kahawa. Ticha, aliyefundisha jiografia mpaka chaki ikamkinai, alikuwa kwenye cha kwanza. Wa nne ni Mama Birika, mwenye kahawa, ambaye hakai kabisa. Anasema akikaa tu, wateja wanajimiminia.

— Kona ni ishirini na mbili, alisema Gia Nne.

— Kumi na saba, alijibu Ticha. Ramani inasema kumi na saba.

— Ramani ya lini?

— Ile niliyofundishia.

— Hiyo ya kabla mlima haujakua! Ticha, mimi nimeupita na lori miaka thelathini, naujua. Mvua zikianza, kona zinaongezeka. Mlima unasikia baridi, unajikunja.

— Mlima unajikunja?

— Kwani wewe ukisikia baridi unalala umenyooka?

Ticha alikuwa bado anachagua la kujibu kati ya mengi aliyokuwa nayo. Mama Birika akaingia hapo hapo.

— Mimi la kona silijui. Ninalojua ni kwamba barabara ya kupandia siyo ya kushukia.

— Ni ile ile, mama, alisema Ticha.

— Haiwezi kuwa ile ile. Kaka yangu anapanda masaa matatu, anashuka dakika arobaini. Barabara moja ikupe masaa matatu halafu ikupe dakika arobaini? Hapo zipo mbili, basi tu wakubwa hawataki tujue.

— Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, alisema Gia Nne. Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia apite ya machimbo. Ni mkato.

— Hiyo methali si inakupinga wewe mwenyewe? aliuliza Ticha.

— Inipinge vipi na mimi ndiye niliyeisema?

Ticha ndiye aliyetarajiwa kuwa breki ya benchi, lakini siku hiyo naye aliachia.

— Msicheke, kuna jambo la kisayansi hapa. Mlima ule una chuma ndani, na chuma huvuta chuma. Baiskeli ya zamani ikianza kupanda inakuwa nzito, si kweli? Sasa mnawaona wenye nazo wananunua za kaboni. Mnadhani ni fasheni? Wanaukwepa mlima!

— Lakini Ticha, aliuliza Mama Birika, mlima uko juu. Ukiwa unavuta, si ungekusaidia kupanda?

Ticha akanywa kahawa yake taratibu.

— Unavutia kwa chini, akasema.

Gia Nne alicheka mpaka ringi ikalia.

— Tunabishana ya nini na mwenyewe tunaye? Spoku, kwenye benchi hili ni wewe tu uliyefika juu kwa baiskeli. Kona ngapi?

— Kumi na saba, alisema Spoku, bila kuinua macho kutoka kwenye mpira aliokuwa anaukwangua.

Na mambo yakaisha hapo, kwa sababu neno la Spoku kuhusu mlima lilikuwa halirudishwi. Ila Spoku alijua alichokijua. Miaka ishirini na sita nyuma, kijana mmoja mpanda baiskeli alimuuliza, "Fundi, umewahi kufika juu?" naye akajibu, "Nimefika," kwa wepesi wa mtu anayejibu salamu. Tangu hapo hakupata nafasi ya kulirudisha. Kila aliyeshuka mlimani alimsimulia kipande: huyu kona ya tisa, yule daraja, mwingine mahali pa kupumzikia. Spoku aliviunga vile vipande kama anavyounga mpira, kiraka juu ya kiraka, mpaka akapata barabara nzima ya kuwaelekezea wengine. Na haikuwa mbaya. Watu walifika, wakarudi, wakashukuru. Kila shukrani ilimchoma kidogo.

Alikuwa ndiyo kwanza anapaka gundi pale iliposimama baiskeli ya watu wawili, ndefu kama ngazi. Mbele alikuwa binti wa makamo, nyuma mzee mwenye miwani myeusi. Binti alishuka kwanza, akaushika mkono wa mzee akauweka kwenye ukuta.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, binti. Karibuni.

— Fundi, tunaomba ututazamie breki ya nyuma. Tunapanda kwenye shingo kwa njia ya kona. Tumeambiwa hakuna anayeijua kama wewe.

— Hamjapotea! alidakia Gia Nne. Huyu hata mawe ya kule anayaita kwa majina.

Spoku aliinamia breki. Binti akaendelea kueleza.

— Baba haoni. Mimi namwambia kabla ya kila kona, tunalalia upande mmoja pamoja. Nikikosea, yeye akalalia kulia na mimi kushoto, baiskeli hainisikii tena.

— Imetokea mara moja, alisema mzee. Tuliangukia shamba la kabichi. Mlimani nasikia hakuna kabichi.

Wote wakacheka, na mzee akageuza uso kule ulikotoka mlio wa koleo la Spoku.

— Fundi, mimi nina swali moja dogo. Tukitokeza kule juu, upepo unapiga kutoka upande gani? Hii baiskeli ni ndefu, upepo wa ubavuni unaitupa. Nikijua mapema, najiandaa.

Lori la Gia Nne lilikuwa na tani kumi. Upepo ulikuwa haumhusu. Ticha alijikuna kidevu, maana ramani haina upepo. Mama Birika alisema kaka yake hajawahi kulitaja hilo. Basi macho yote yakahamia kwa Spoku.

Spoku alijua angeweza kusema "kushoto". Waliotoka juu, wengine walimwambia kushoto, wengine kulia, na yeye hakuwahi kujali kuwapatanisha. Angesema kushoto, benchi lingetikisa kichwa, mzee angeshukuru na kwenda kulalia upande huo akiwa na mwanawe mbele. Spoku akaliweka koleo chini.

— Sijui, akasema.

— Umesahau tu, alisema Gia Nne haraka. Ni zamani hiyo. Mzee, amesahau.

— Sijasahau. Sijawahi kufika.

Aibu ilimpanda Spoku mpaka masikioni, lakini alishaanza, akaona amalize.

— Nilipanda mara moja, ujana wangu. Niliishia kona ya sita, nikageuza. Huko mbele kote nimewapa watu maneno ya watu. Nisamehe, mzee wangu. Nisamehe, binti.

Binti alimtazama baba yake. Mzee hakuonekana kuudhika. Alionekana kama mtu aliyetajiwa jambo la kupendeza.

— Hiyo kona ya sita, ikoje?

— Ya sita?

— Si ndiyo uliyofika?

Spoku alijifuta mikono kwenye kitambaa, akafumba macho bila kujua kwamba ameyafumba.

— Inakata kushoto, ghafla kuliko tano za nyuma. Mkono wa kushoto kuna ukuta wa jiwe, na maji yanachuruzika pale, yanakatisha lami. Tairi litateleza kidogo. Usishtuke, na binti asiguse breki. Kulia hakuna kitu. Hata usipoona utajua, kwa sababu sauti ya tairi lako upande huo hairudi.

Mzee alikuwa ameulaza mwili kushoto, polepole, amesimama pale pale ukutani.

— Rudia hapo pa maji.

Spoku akarudia. Kisha akampa na ya tano, na ya nne, akishuka nazo mpaka chini, na kila moja mzee aliilalia upande wake.

— Hizi sita ninazo, alisema mzee. Za mbele tutakwenda nazo mdogo mdogo. Juu tutashuka kwenye baiskeli tuisukume mpaka tuusikie huo upepo wenyewe.

Walipoondoka, benchi liliwatazama mpaka wakapotea nyuma ya kona ya kwanza. Gia Nne akauliza kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

— Spoku, kilichokugeuza ni nini?

— Woga. Nilitazama chini.

Wakasubiri Gia Nne acheke. Hakucheka.

— Mimi ile ya kumi na moja, akasema, miaka thelathini nimeipita nimefumba jicho la upande wa bonde.

— Na lori limejaa? aliuliza Mama Birika.

— Limejaa.

Mama Birika akalitua birika, na kwa mara ya kwanza akakaa. Hapo ndipo vijana watatu walipofika na baiskeli zao za kaboni, wa mbele akiwa bado mguu mmoja kwenye pedali.

— Fundi, habari za asubuhi. Wewe ndiye unayejua njia mpaka juu?

— Mpaka kona ya sita nitakueleza mwenyewe, alisema Spoku. Kuanzia ya saba, kuna mzee yuko mbele yenu na binti yake. Mkimkuta, muulizeni. Haoni, lakini yeye amekwenda.