Tisa ya Simeon Kiama

Ni saa nne na dakika mbili asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Ni Jumamosi. Wakati kama huu mzee mmoja alikuwa anakohoa mara mbili, anagonga meza kwa kidole, kisha anasema, "Haya, leteni hiyo sinema tuipime." Leo hakuna aliyekohoa. Kiti chake kiko hapa kushoto kwangu, na vile vidude vya kusikilizia nimevitundika pale alipozoea kuvitundika mwenyewe.

Simeon Kiama ametutoka. Narudia kwa anayefungua redio sasa hivi: Mzee Simeon Kiama wa Makongeni, Thika, hakimu wa kipindi hiki cha Mizani ya Sinema kwa miaka minane, alifariki Alhamisi akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Mimi ni Idah Wamalwa. Leo hatupimi sinema. Leo tunamkumbuka Simeon, na kuna jambo alilotaka kulisema hapa studioni ambalo hakupata nafasi ya kulisema. Kwa nini hakupata, nitawaambia. Nivumilieni tu.

Alizaliwa Gatanga. Alishuka Thika akiwa na miaka kumi na tisa, akaandikwa kazi katika kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi wa mitambo ya kufuma. Alikaa humo miaka ishirini na saba. Aliyefanya kazi humo anajua kelele yake. Hata ukipiga nduru, aliye kando yako hasikii. Kwa hiyo watu wa mitambo walizungumza kwa midomo na macho. Walitaniana, waligombana na hata kuombana chumvi ya chakula cha mchana bila kutoa sauti.

Humo ndimo alimopata mke. Mama Waithira aliniambia jana, na hata matangani alicheka kidogo akisema: "Huyo mzee alinitongoza akiwa mtambo wa nne, mimi niko wa kumi na moja. Aliniambia atanioa, na hakuna mtu alisikia. Hata yeye mwenyewe hakujisikia!"

Kiwanda kilipopunguza watu, Simeon alirudi nyumbani na jicho lake. Jicho la kusoma nyuso. Akawa anakaa kwenye ukumbi wa video pale Makongeni, filamu ikiisha anasimama kuichambua, na watu wanabaki kumsikiliza. Siku moja alipiga simu hapa kutusahihisha kuhusu filamu tuliyoisifu. Alitusahihisha dakika kumi na moja. Wiki iliyofuata tukampa kiti.

Mnazikumbuka kanuni zake. Hadithi, wahusika, uigizaji, kila kimoja kwa kumi. Na mnaukumbuka usemi wake: "Kumi ni ya Mungu, tisa ni yangu mimi mwalimu. Nyinyi wengine gawaneni nane." Kwa miaka minane hakuwahi kumpa mtu tisa.

Alikuwa mkali, lakini alituchekesha. Kuna filamu ambayo mwizi alikimbia kutoka stendi ya Ruiru hadi Kimbo akiwa na suti. Simeon akasema, "Mbio yote hiyo na shati haijaloa hata kwapa! Huyu mwizi aliiba nini, hewa? Wahusika, tatu." Nyingine ilikuwa na bibi harusi aliyetajwa kila baada ya dakika mbili. Simeon akauliza, "Nimekaa na huyu msichana saa moja na nusu. Mbona hata sijui anapenda kula nini?" Alimaanisha kwamba jina halitoshi kumfanya mtu awe mhusika. Ni lazima awe na kitu anachokitaka na kitu anachokiogopa. Vijana wengi wa kamera kutoka Thika hadi Ruiru walijifunza hilo kutoka kwake, hata waliotoka hapa wamenuna.

Sasa nafika pale penye uzito.

Miaka mitatu iliyopita kikundi kimoja cha Ruiru kilitengeneza filamu iitwayo *Sahani ya Nne*. Ilikuwa filamu ndogo, ya kamera moja. Mwigizaji mkuu alikuwa Ndinda, fundi wa kushona sare za shule kule Mwiki. Hakuwa amewahi kuigiza popote isipokuwa kanisani. Katika filamu hiyo yeye ni mama wa watoto watatu. Anawapakulia chakula cha mchana, simu inalia, anaiweka sikioni. Anaambiwa kuwa mumewe ameangukiwa na jiwe machimboni na amekufa. Watoto wako hapo mezani. Mama hataki wajue kabla hawajala. Kwa hiyo anaendelea kupakua. Anapakua sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anapakua na ya nne, ya baba. Uso hautikisiki.

Simeon aliitazama akaja hapa. Alisema hivi, na maneno haya wengi wenu mnayajua kwa moyo: "Mama anaambiwa amefiwa, na yeye anapakua maharagwe! Huo si uso, ni ukuta. Uigizaji, mbili kwa kumi. Arudi akashone."

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikafuta machozi hewani. Kisha nikafanya jambo baya zaidi. Nilikata kile kipande cha "Huo si uso, ni ukuta," nikakitia ngoma, nikakifanya kuwa sauti ya kufungulia kipindi. Kimecheza hapa kila Jumamosi kwa miaka mitatu.

Kule Mwiki, Ndinda alipewa jina. Mama Ukuta. Wateja walimwita hivyo wakimletea watoto kupimwa sare. Kikundi kilipotengeneza filamu ya pili, nafasi yake alipewa mwingine. Hakuigiza tena, hata kanisani.

Wasikilizaji wapendwa, Simeon hakuisikia filamu ile.

Narudia. Simeon aliitazama *Sahani ya Nne*, lakini hakuisikia. Ile mitambo ilikuwa imemla masikio. Sauti nzito alizisikia kidogo, ndiyo maana alimsikia mwanamume aliyeleta habari kwenye simu. Sauti ya chini ya mwanamke hakuisikia kabisa. Filamu nyingine aliziokoa kwa kusoma midomo, kama kule kiwandani. Lakini Ndinda alikuwa ameshika simu, na mkono umefunika mdomo. Simeon aliona uso tu. Na kwa kuwa aliona haya kusema kwamba hasikii, alikuwa ameigeuza aibu yake kuwa kanuni. "Uigizaji uko usoni," alizoea kusema, na sisi tukaitikia kama somo.

Nyumbani walijua. Mama Waithira anasema, "Nilikuwa namwita chakula mara tatu, halafu naenda kumgusa bega. Nikimwambia twende hospitali ananijibu, Waithira, nikivaa mashine ya masikio nani ataniita hakimu?"

Na hapa studioni? Hapa nilijua mimi. Mlipopiga simu na maswali yenu, nilikuwa nikimwandikia kwenye karatasi na kumsogezea. Mlidhani anatua kidogo kwa sababu anafikiri, kumbe alikuwa anasoma mwandiko wangu. Miaka mingi nilimwandikia. Kipindi kilipendwa, naye alipendwa, na mimi sikutaka kuuharibu mchezo.

Mwezi wa kwanza mwaka huu binti yake, Becky, hakumuuliza tena. Alimpeleka kwa daktari akamvalisha zile mashine ndogo. Becky anasema baba yake alikaa sebuleni siku nzima akisikiliza vitu vya kijinga. Friji. Kuku wa jirani. "Akaniuliza, Becky, kwani hii saa ya ukutani imekuwa ikipiga hivi siku zote? Nikamwambia, miaka kumi na mbili, Dad."

Halafu akaanza kurudia filamu zake za zamani moja moja. Nyingi alikuwa amezipima sawasawa, akafurahi. Alipofika kwenye *Sahani ya Nne*, Becky alikuwa jikoni. Anasema alisikia ile sehemu ya simu ikichezwa, ikarudishwa, ikachezwa tena. Mara nyingi. Alipokwenda kuangalia alimkuta baba yake ameshika kichwa. Akamwambia, "Huyu mama alikuwa analia ndani ya sauti yake, Becky. Uso aliufunga kwa ajili ya watoto. Kilio chote kiko kwa sauti. Nimemfanyia nini huyu mtu?"

Majuto ni mjukuu, lakini yake hayakukawia. Chakula kilimshinda. Siku ya tatu alivaa koti akaenda Mwiki akiulizia fundi wa sare. Mtoto mmoja akamwelekeza: "Mama Ukuta? Ni pale." Mama Waithira anasema hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kuelekezwa kwa jina alilomtungia yeye.

Ndinda mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyofuata.

"Karibu mzee. Ni sare ya shule gani?"

"Si sare, mama. Mimi ni Kiama. Yule wa redio."

Cherehani ikanyamaza.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Sikukusikia. Masikio yangu yaliharibika kitambo, nikaona aibu kusema. Nilikuhukumu kwa nusu ya filamu."

Ndinda alikunja kitambaa alichokuwa akishona, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mzee, mimi sina shida na wewe kukosa kuskia. Hata babangu haskii. Lakini ulinitusi mbele ya Thika yote na Ruiru yote. Sasa unakuja kuniomba msamaha hapa, mimi na wewe na cherehani. Hiyo iko sawa kweli?"

"Haiko sawa."

"Basi enda useme pale ulisemea."

"Ni kweli, mama. Jumamosi fungua redio."

Jumatatu alikuja hapa ofisini. Alinieleza yote, amesimama, kofia mkononi. Akaniomba mambo mawili. Nitoe kile kipande cha ukuta, na nimpe dakika tano za kusema ukweli.

Nilimwambia, "Mzee wangu, Jumamosi hii tuko na vijana wa shule za upili. Tufanye ijayo." Ijayo nikamwambia kuna mgeni. Ya tatu nikamwambia nasubiri bosi, na ya nne vivyo hivyo. Mgeni alikuwepo, sikatai. Lakini sababu haikuwa mgeni. Simeon akisema kwamba hakuwa akisikia, mngeuliza nani alikuwa akijua. Naye hakutaka kulisema bila ruhusa yangu, maana siri ilikuwa yetu wawili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi ndiye niliyesema ngoja. Kila Jumamosi aliondoka akisema, "Sawa, Idah, lakini yule mama amefungua redio." Na ni kweli alikuwa ameifungua. Jumamosi nne mfululizo Ndinda alifungua redio kusubiri msamaha, na kitu cha kwanza alichosikia kila mara ni "Huo si uso, ni ukuta!"

Alhamisi presha ilimpanda Simeon. Hakufika jioni.

Jana matangani Mama Waithira alinivuta kando akanipa daftari la mumewe la kupimia filamu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Hii ndiyo alikuwa anafanyia mazoezi mbele ya kioo. Soma wewe, kwa vile yeye hayuko."

Jana hiyo hiyo usiku nilimpigia Ndinda. Nikamwomba radhi kwa sehemu yangu, na leo naiomba tena mbele yenu nyote. Akasema, "Nitafungua redio. Lakini usiniulize hewani kama nimesamehe. Hiyo ni yangu na huyo mzee." Sitamuuliza.

Nasoma kama ilivyoandikwa.

"Mimi Simeon Kiama nilipima *Sahani ya Nne* bila kuisikia. Sikuwaambia watu kwamba sisikii, kwa sababu ya kiburi. Leo nimeisikia. Hadithi, saba. Mwisho umeharakishwa kidogo. Wahusika, nane. Hata yule mtoto mdogo anayetaka mchuzi zaidi ni mtu kamili. Uigizaji wa Ndinda, tisa. Ni ile yangu, nampa yeye, mimi nimebaki bila. Hakimu wa filamu hii, mbili kwa kumi. Arudi akajifunze kusikiliza. Mama Ndinda, uso wako haukuwa ukuta. Ukuta nilikuwa mimi. Naomba msamaha mbele ya wale niliokuaibisha mbele yao."

Hapo ndipo anapoishia. Mimi hakuniandikia alama yoyote. Nimejipa mwenyewe, na nyinyi mnaweza kukisia ni ngapi.

Kwa Mama Waithira, kwa Becky, na kwa ukoo wote wa Gatanga na majirani wa Makongeni, kituo hiki kinawapa pole. Poleni sana. Mwenyezi Mungu awatie nguvu. Mazishi ni Jumanne nyumbani Gatanga, saa tano asubuhi. Narudia, Jumanne, Gatanga, saa tano.

Kwetu sisi tuliobaki, kila mtu na ajiulize ni nani aliyemhukumu kwa nusu, kisha akamwambia ngoja Jumamosi ijayo. Mimi nimejibiwa, na jibu lenyewe sikulipenda.

Kile kipande cha ukuta nimekifuta leo asubuhi. Mahali pake nitaweka kitu nilichopaswa kukiweka miaka mitatu iliyopita, kwa ruhusa ya mwenyewe. Hii ni redio. Uso hamtauona, na hamtauhitaji. Mama yuko mezani, watoto wanakula, simu iko sikioni. Anasema neno moja tu, ndiyo, mara nne. Nyamazeni kidogo, mumsikie.