Tope la Katwe Mbele ya Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Ofisa Elimu wetu Mheshimiwa Oloya; Mwalimu Mkuu, walimu, na wazazi mliofunga vibanda asubuhi hii: sisi wanafunzi wa Klabu ya Vijidudu, Shule ya Sekondari Bondeni, hapa mtaani Katwe, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Ukisikia harufu kidogo ya yai viza, vumilia; tutaieleza.

TULIKOTOKA

Klabu hii ilianzishwa na Mwalimu Guerschom Mushagalusa, aliyetujia kutoka Bukavu. Shule haina hadubini. Mwalimu akapata masomo ya bure mtandaoni kuhusu vijidudu, aina zake na namna vinavyoishi pamoja. Huyapakua kwa rafiki yake wa mtaa wa Kamwokya mwenye intaneti, nasi tunabanana kuyatazama kwenye simu ya Mwalimu. Somo moja lilitufundisha kutia tope, vipande vya gazeti na kiini cha yai ndani ya chupa ya plastiki, kuiacha penye mwanga na kungoja.

Mwenzetu Aciro, binti wa askari polisi, ndiye aliyeshuka mtaroni kuchota tope. Katika kambi ya polisi wanakoishi walimcheka, na mama yake akamfukuza jikoni yeye na ndoo yake. Hakujali.

MAFANIKIO

Mvumilivu hula mbivu. Baada ya wiki kadhaa tope lilijipanga lenyewe: kijani juu, zambarau katikati, nyeusi chini. Kila jamii ya vijidudu ilichagua mahali pake kwa kadiri ya mwanga na hewa, na taka za mmoja zikawa chakula cha mwingine. Picha alizopiga Aciro kila Ijumaa zimo sasa kwenye tovuti ya somo hilo, jirani na picha za tope lililochotwa kwenye maziwa ya Ulaya. Chini ya picha zetu pameandikwa Katwe. Tunaona fahari, hatufichi.

CHANGAMOTO

Mwalimu Mkuu, utuwie radhi: sehemu hii haimo kwenye nakala uliyoipitia. Tunajua ulitaka shule yetu ing'are. Habari ya ujio wa mgeni ilipofika, ilitoka amri kwamba kila chenye tope kitupwe. Chupa zetu mbili kati ya tatu zikamwagwa. Aciro aliikumbatia ya tatu, akamwambia mwalimu wa zamu, "Hii haiko takataka, Mwalimu. Ndani iko na wenyewe."

Akaambiwa aimwage kabla ya kwenda nyumbani. Hakuimwaga. Aliificha mahali ambapo mfagiaji yeyote asingethubutu kugusa: chini ya meza ya mgeni rasmi, nyuma ya kitambaa kinachofika sakafuni. Iko miguuni pako, Mheshimiwa. Lakini wenyewe hao wa kijani na wa zambarau hawaishi gizani, na Aciro hajala vizuri tangu juzi. Ameketi nyuma kabisa, wala hakujua kwamba tungesema. Tunasema kwa sababu tunampenda.

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi: kompyuta, bando, hadubini. Leo tumeyaweka kando. Tunakuomba uinue kitambaa, uichukue chupa hiyo kwa mkono wako, uiweke dirishani mbele ya watu wote. Katika shule hii kilichowekwa na mgeni rasmi hakiondolewi. Mti uliopandwa na mgeni wa mwaka juzi ulishakauka, na bado tunaumwagilia.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, pamoja na viumbe wake wote, wanaoonekana na wasioonekana.

Ni sisi wanao,
Klabu ya Vijidudu, Bondeni, Katwe.